Sura ya Saba: Dakika Nane Zilizozidi

"Mtu hawezi kucheza dakika hamsini na nane ndani ya dakika hamsini."

Ijumaa nzima Inspekta alikuwa amemwambia hivyo mtaalamu wa kompyuta wa kituo, na kila mara mtaalamu alimjibu vilevile: saa za kompyuta huwa hazilingani, afande, usijiumize kichwa. Jumamosi Inspekta aliamka bado anajiumiza kichwa. Ilipofika saa nne asubuhi alikuwa anabisha mlango wa Fundi, koplo wake yuko nyuma na daftari kwapani.

Mpaka siku hiyo mambo yalikuwa hivi. Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Mwalimu alikutwa chini ya ngazi za nyuma za jengo alilokuwa akifundishia watu wazima kutengeneza michezo ya kompyuta. Alikuwa amepasuka kichwa. Daktari alikuta alama za vidole kwenye mikono yake yote miwili, juu kidogo ya viwiko, kwa hiyo habari ya kuteleza iliishia hapo. Saa tatu na dakika thelathini na tano alikuwa hai bado, maana dakika hiyo ndiyo alimaliza kuzungumza na mkewe kwa simu. Simu yenyewe ilipatikana mchana, mfukoni mwa mlinzi wa jengo. Mlinzi alisema aliiokota kwenye ngazi na tamaa ikamshika. Hakuna aliyemwamini, na tangu Jumanne alikuwa mahabusu.

Ukiacha wageni wa mapokezi, kwenye ghorofa ile walikuwepo watu wawili tu wengine. Karani wa mapokezi alikuwa mbele na wageni. Wa pili, kijana wa miaka thelathini na moja aliyeitwa Bingwa kwa jinsi asivyoshindwa mchezo wowote, alikuwa chumba cha majaribio, hatua sita kutoka ngazi za nyuma. Alisema aliingia saa tatu na nusu, akacheza mfululizo mpaka aliposikia kelele. Kompyuta ilimuunga mkono: programu ilifunguliwa saa tatu na nusu kamili, faili la matokeo likahifadhiwa saa nne na dakika ishirini. Ndani ya faili mliandikwa muda wa kucheza. Dakika hamsini na nane.

Mchezo aliokuwa akiujaribu uliandikwa na dada yake. Huyo ndiye Fundi.

"Karibuni, Afande. Karibu mwanangu, usisimame mlangoni."

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye sauti ya chini na macho mekundu ya kulia. Chumba kilikuwa na cherehani mbili. Moja ilifunikwa kwa shuka. Juu ya meza ya ile nyingine palikuwa na laptopu, na mguu wa Fundi ulikuwa umezoea kiasi kwamba kila alipofikiri ulikanyaga kanyagio lisiloshona chochote.

"Pole kwa msiba, Fundi."

"Nimeshapoa. Mtu aliyenitoa gizani, Afande, tunamzika na kichwa kimefungwa bandeji." Akajifuta pua. "Haya, niulizeni."

"Nataka kujua mchezo wako unahesabuje muda."

Fundi akamtazama kama aliyetegemea swali lingine kabisa. Kisha akavuta laptopu.

"Nianzie mbali kidogo, la sivyo hutanielewa. Miaka miwili mimi nilikuwa mtu wa vitofali. Hivi hapa." Kwenye skrini palikuwa na vipande vya rangi, kila kimoja na maneno yake: ukibonyeza, ruka, ukigusa, ongeza moja. "Unavuta hiki, unakibandika chini ya hiki, mchezo unacheza. Huandiki kitu. Ni sawa na kushona nguo ambayo mwenzako ameshaikata. Mwaka jana Mwalimu akaniambia, Fundi, vitofali vimekuwa vidogo kwako, sasa andika programu mwenyewe. Siku ya kwanza niliandika mistari kumi na moja nikapata makosa kumi na tisa."

Koplo alicheka, akajizuia.

"Cheka mwanangu, hata Mwalimu alicheka. Sasa, kwenye vitofali kuna kitofali cha saa. Unakiweka tu, kinahesabu. Nilipohama, hakuna kitofali. Ikabidi nitengeneze saa yangu."

"Na iko sawa?"

"Pima."

Walipima. Inspekta alivua saa ya mkononi, akaiweka juu ya meza. Fundi akabonyeza Anza. Mwanamke mdogo wa rangi ya zambarau akaanza kukimbia juu ya mapaa ya mji, akiruka mapengo, akidaka nguo zilizopeperushwa na upepo kutoka kwenye kamba za kuanikia. Dakika mbili zilipotimia Inspekta alisema simama. Faili liliandika dakika mbili. Wakapima tena tatu, likaandika tatu.

Inspekta akavaa saa yake polepole. Alikuwa amekuja kutafuta saa mbovu, na hii ilikuwa nzima.

"Mchezo unaweza kujiendesha wenyewe? Mtu akauwasha akatoka?"

"Hauwezi. Ukimwacha sekunde nne anatumbukia kwenye pengo, mchezo umekwisha, na faili linajihifadhi hapohapo. Mwanzo wa hesabu ni ukibonyeza Anza, mwisho ni akianguka."

"Kwa hiyo aliyepata dakika hamsini na nane alicheza bila kunyanyua mkono."

"Ngapi?" Mguu ukaacha kukanyaga. "Nani huyo?"

"Mdogo wako."

"Bingwa alinambia amecheza vizuri, hakunitajia namba." Fundi alitikisa kichwa. "Afande, mimi niliyeuandika sijafika kumi na tano. Bingwa mwenyewe, hapa hapa kwenye kiti hicho, siku zake nzuri ni thelathini. Kule mbele mapengo yanakuwa mapana kupita kiasi. Hamsini na nane? Labda siku hiyo alikuwa na mikono ya shetani."

Aliona alivyosema, akajiziba mdomo. Koplo aliandika.

"Twende ukanionyeshe kwenye kompyuta ileile," Inspekta alisema.

"Twendeni. Ngoja nimwambie Bingwa anifuate huko, mgongo huu hauwezi kurudi kwa miguu." Akampigia simu, akamwita baba, kama dada wanavyowaita wadogo zao waliowabeba mgongoni.

*

Karani wa mapokezi aliwafungulia. Ukumbi wa kufundishia ulikuwa kama ulivyoachwa, viti vimesukumwa ovyo, ubaoni bado kuna mwandiko wa Mwalimu. Fundi alipita bila kuutazama. Chumba cha majaribio kilikuwa kidogo, dirisha moja, meza moja, kiti kimoja, na skrini pana iliyojaza nusu ya ukuta. Mlango wake ukifunguka tu, unaona mwanzo wa ngazi za nyuma na utepe wa polisi.

"Dakika mbili," alisema Inspekta.

Fundi alicheza. Saa ya mkononi ilipotimiza dakika mbili, akamwacha mwanamke wake aanguke. Koplo akainama kusoma faili.

"Nne, afande."

"Soma vizuri."

"Nne na sekunde tisa."

 Inspekta alimwambia arudie, safari hii kwa saa ya simu ya koplo. Dakika tatu. Faili likaandika sita na sekunde saba.

"Haiwezekani," Fundi alisema. "Mmeona wenyewe nyumbani." Akaanza kufungua mistari ya programu yake, midomo ikisoma bila sauti. Ghafla akaacha, akainua macho, akaitazama skrini yenyewe, pembe hadi pembe. "Hii skrini siijui mimi. Ile ya zamani iko wapi?"

"Iko stoo," karani alijibu kutoka mlangoni. "Hiyo ililetwa Jumatatu jioni. Mwalimu aliifunga mwenyewe, alifurahi utadhani kapewa mtoto."

Fundi alifungua ukurasa wa mipangilio, akaweka kidole kwenye namba moja. Mia moja na ishirini.

"Yesu wangu," alisema. "Mungu wangu, aibu gani hii."

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

"Mchezo ni picha, Afande. Picha nyingi zinazopita haraka, jicho linadhani kitu kinatembea. Laptopu yangu inapitisha picha sitini kwa sekunde. Ile skrini ya zamani, sitini. Mimi nilipotengeneza saa yangu niliandika hivi, mstari huu hapa: kila picha ikipita, ongeza moja, zikifika sitini, hiyo ni sekunde. Basi. Hii mpya inapitisha mia na ishirini. Saa yangu inakwenda maradufu."

"Mbona mwanamke wako hakimbii maradufu?"

"Kwa huyo, Mwalimu alishanirekebisha. Alinigombeza wiki nzima: usihesabu picha, iulize kompyuta umepita muda gani kweli, ndipo umsogeze. Nikabadilisha kukimbia, nikabadilisha kuruka, nikabadilisha kuanguka. Saa haionekani kwenye mchezo, inaandikwa kwenye faili tu, nikaisahau." Alijipiga paja. "Ni kosa la mtu wa vitofali. Kule kila kitu unahesabiwa, hata huulizi nani anahesabu. Angekuwepo angenitoa nje ya darasa."

Alikuwa ameona haya kweli, kijasho kimemtoka juu ya mdomo. Alikuwa bado anawaza kosa lake.

"Basi hiyo hamsini na nane ya Bingwa," akaendelea, "si hamsini na nane hata kidogo. Ni nusu yake, ishirini na tisa. Mnaona? Hiyo ndiyo kawaida yake! Nilijua tu. Alimaliza saa ngapi?"

Inspekta alimtupia koplo jicho la onyo.

"Saa nne na ishirini," koplo alisema kabla hajajizuia.

"Toa ishirini na tisa, alianza..." Fundi alihesabu kwa vidole, kwa haraka ya mtu aliyehesabu vipimo maisha yake yote. "Saa nne kasoro dakika tisa."

Vidole vikabaki hewani.

Inspekta alimwacha afike mwenyewe. Programu ilifunguliwa saa tatu na nusu. Saa tatu na dakika thelathini na tano Mwalimu alikata simu. Anza haikubonyezwa mpaka saa nne kasoro tisa. Kati ya hapo kulikuwa na robo saa nzima, na mlango ule, na ngazi zile.

"Hapana," Fundi alisema.

"Sijasema kitu."

"Hapana, Afande. Alikwenda msalani. Alikuwa anachezea simu. Bingwa na Mwalimu hawakuwahi kugombana hata siku moja, muulizeni huyu karani hapa. Amuue kwa lipi? Niambie sababu. Moja tu!"

Hilo ndilo lililokuwa limemkwamisha Inspekta pia. Karatasi pekee iliyomhusu Bingwa kwenye meza ya Mwalimu ilikuwa ya heri, barua kutoka kwa waandaaji wa shindano moja la michezo la ng'ambo. Siku nne ilikuwa imekaa kwenye jalada kama ushahidi kwamba wawili hao walielewana. Aliitoa kwenye bahasha akaisoma tena, na safari hii alisimama kwenye aya ya pili.

"Fundi, mdogo wako ameshatengeneza mchezo wake mwenyewe?"

"Bingwa? Yeye anacheza tu. Hata vitofali vilimshinda."

Inspekta akampa karatasi.

Alisoma akiwa amesimama. Waandaaji walimwomba Mwalimu athibitishe kwamba mwanafunzi wake, jina la Bingwa limeandikwa kwa ukamilifu, ndiye mtengenezaji pekee wa mchezo ulioshinda, ili waendelee na mipango ya kumpokea kazini kwao. Waliusifia mchezo kwa mistari mitatu: mwanamke wa zambarau, mapaa ya mji, nguo zinazopeperuka. Waliandika kwamba ni nadra kuona mikono ya mtu anayejua kitambaa kinavyoanguka.

Fundi alimaliza, akarudi juu, akasoma tena. 

"Huyu ni mimi," alisema. "Afande, hapa wananisema mimi."

*

Bingwa alipanda ngazi za mbele akipiga mluzi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, funguo za pikipiki zinaning'inia kidoleni. Alipomwona koplo amesimama pembeni mwa mlango, mluzi ukafa.

"Dada, nimekuja. Kulikoni?"

"Ingia," alisema Inspekta. "Jumanne ulibonyeza Anza saa ngapi?"

"Nilishaandika maelezo, Afande. Saa tatu na nusu."

"Saa tatu na nusu ulifungua programu. Nauliza Anza."

"Hapohapo. Si mnayo hamsini na nane kwenye faili? Hata mtaalamu wenu alikubali."

"Kutoka saa tatu na nusu mpaka saa nne na ishirini ni dakika hamsini. Hizi nane ulizitoa wapi?"

Bingwa alianza kuhesabu kwa vidole. Kwa siku nne alikuwa ameishikilia ile namba, na ilionekana hakuwahi kuipigia hesabu.

"Saa yangu ni mbovu, baba," Fundi alisema. Alikuwa ameketi kwenye kile kiti kimoja, barua mapajani. "Kwenye skrini hii inahesabu maradufu. Ulicheza ishirini na tisa."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Bingwa akamgeukia Inspekta akitafuta tabasamu. "Afande, huyu dada yangu nampenda kuliko roho yangu. Lakini juzi tu alikuwa anasukuma vitofali vya watoto. Mtamfunga mtu kwa maneno ya fundi cherehani? Anajua nini kuhusu programu?"

"Kama sijui," Fundi alisema, "mbona umepeleka mchezo wangu kwa jina lako?"

Hakupaza sauti. Akainua barua ili aione. Funguo zilimtoka Bingwa kidoleni, zikagonga sakafu, na hakuna aliyeinama kuziokota.

"Ningekuambia."

"Lini?"

"Nikishafika kule. Ningekuita. Dada, wasingekuchukua wewe! Umri huo, Kiingereza cha kubabaisha... mimi ningeingia, kisha ningekuvuta."

"Na Mwalimu?" aliuliza Inspekta.

Bingwa aliegemea ukuta. Maneno yalimtoka kwa vipande. Mwalimu alimfuata chumbani, akamwambia ameisoma barua. Alimtoa hadi kwenye korido ya nyuma ili karani asisikie, akamwambia ana dakika moja ya kukiri kwa dada yake mwenyewe. Yeye akamwomba, akapiga magoti. Mwalimu akatoa simu.

"Akasema anakupigia wewe. Nilitaka simu tu, Afande, haki ya Mungu. Nikamshika mikono. Alikuwa anarudi nyuma, kisigino kikakosa ngazi. Simu ikaenda nayo huko chini."

"Halafu?"

"Nikarudi humu. Nikakaa. Mchezo ulikuwa bado umefunguka. Sikujua nifanye nini na hii mikono. Nikabonyeza Anza."

Koplo aliacha kuandika. Karani, kule mlangoni, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Ulishuka kumwangalia?"

"Hapana."

"Ulijua kama anapumua?"

"Sikuangalia, Afande. Nilicheza."

Inspekta alikuwa na taarifa ya daktari mfukoni na hakuhitaji kuifungua. Angeweza kunyamaza. Lakini kitu hicho kingesomwa mahakamani kwa sauti, na aliona afadhali mwanamke yule akisikie ndani ya chumba kidogo. "Mwalimu hakufa papo hapo," alisema. "Daktari anakadiria aliishi robo saa, labda dakika ishirini."

Fundi alitoa mlio ambao haukuwa neno. Alitazama skrini, mwanamke wa zambarau amesimama ukingoni mwa paa akingoja mtu abonyeze, kisha akamtazama mdogo wake kana kwamba ameingia mtu asiyemfahamu. Bingwa alijaribu kumsogelea. Koplo akamshika bega.

"Dada, waambie huna uhakika. Programu iko kwako. Useme tu umekosea hesabu, basi. Mstari mmoja, dada!"

"Nimekosea, ndiyo." Alijifuta uso kwa kiganja, akavuta kibodi, akapandisha mistari mpaka alipopataka. "Mstari wa mia mbili na kumi na nne. Mwanangu, njoo uandike ulivyo, na nukta zake zote. Piga na picha."

Koplo aliandika. Bingwa alitolewa kwa ngazi za mbele. Alikuwa akiita dada, dada, mpaka mlango wa chini ulipofungwa. Inspekta alipiga simu kituoni, akasema mlinzi atolewe mahabusu, apewe chai, na apelekwe kwake kwa gari.

Baadaye, kwenye meza ya mapokezi, koplo alifungua fomu ya maelezo ya shahidi. Fundi alijibu moja moja. Jina. Umri. Anapoishi. Kwenye kazi alisema fundi cherehani, kisha akasema, "Futa hapo," akafikiri, akasema, "Basi, acha tu." Karani alimletea maji, akayashika bila kunywa.

"Uhusiano na mtuhumiwa?" koplo aliuliza. Aliona haya kuuliza, lakini fomu ilitaka.

Fundi aliyaweka maji mezani. Inspekta alidhani hakusikia, akaufungua mdomo kurudia.

"Mama yetu alifariki yeye ana miezi mitatu," Fundi alisema. "Mimi ndiye niliyemlea. Sijui hapo unaandika nini."

Koplo aliandika dada. Fundi akaisoma, akachukua kalamu, akatia sahihi.